Kumnyoa Mtu Aliyekwisha Kuzikwa

Juzi nilikwenda Biharamulo mjini kumtembelea mjukuu wangu Edisoni, ambaye naye ni kinyozi. Muziki ulikuwa unalia saluni hadi chupa za spiriti zinacheza mezani. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anamwonyesha picha kwenye simu: "Nataka niwe kama huyu." Edisoni akapitisha mashine, na muda si muda kijana akasimama akiwa kama huyo, na wenzake waliokuwa wanangoja kwenye benchi walikuwa tayari kama huyo. Nikacheka. Edisoni akaniuliza nacheka nini, nikamwambia kwa kelele hizi siwezi kueleza, nitakuandikia. Ndiyo haya. Na nyinyi wenzake mlioishika kazi hii leo, someni, si lazima mkubali.

Nilinyoa watu tangu kabla hatujahamishiwa vijijini hadi macho yalipoanza kunidanganya. Nimenyoa wakulima, walimu, mapadre, wafungwa na maharusi. Nimenyoa hata marehemu, ambao kusema kweli ndio wateja watulivu kuliko wote. Umeme sikuwahi kuwa nao. Nilikuwa na mkasi, chanuo la mti, mashine ya mkono iliyokuwa inang'ata nywele badala ya kuzikata, na wembe wa kukunja ambao niliupenda kuliko mashati yangu. Kila aliyepita akaona mtu kwenye kiti changu, lazima aseme, "Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji," halafu acheke kana kwamba ameitunga yeye. Nimeisikia methali hiyo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Lakini nyinyi mmeisahau maana yake ya kazini. Kutia maji ni nusu ya kunyoa. Maji yawe ya vuguvugu, sabuni upake mapema, uziache nywele mpaka zichoke. Anayenyoa nywele kavu hanyoi, anakwangua.

Kazi nilifundishwa na Mzee Shabani, pale pale Biharamulo, kwenye baraza ya duka moja njia ya kwenda sokoni. Nilitoka kwetu Nyakisasa nikiwa kijana mrefu, mwembamba, na Kiswahili changu cha Kihangaza, nasema "karamu" nikitaka kalamu. Mzee Shabani alikuwa mkali, mpenda kahawa, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimejaa mabaka, maana kinyozi hajinyoi, na vinyozi wengine wa mji ule hakuwaamini hata mmoja. Kwa muda mrefu hakuniruhusu kushika wembe. Kazi yangu ilikuwa kushika taulo na kutazama. Mteja akishaondoka ananiuliza, "Kisogo chake kikoje?"

"Sikukiangalia, mwalimu."

"Basi hujamwona mtu. Uso anaujua mwenyewe, kila asubuhi anautengeneza kwa ajili yenu. Kisogo hajakiona tangu azaliwe. Anategemea wewe."

Nilipoanza kunyoa, nilijifunzia kichwani kwake. Siku ya kwanza nilimkata juu ya sikio. Nikaweka wembe chini nikidhani atanifukuza. Akapapasa damu, akaitazama, akasema, "Hiyo ni ada. Endelea."

Kosa langu kubwa lilimpata bwana mkubwa mmoja wa wilayani. Siku hizo wakubwa walipenda kunyolewa njia, ule mstari mwembamba unaogawa nywele pembeni. Akanionyesha kwenye kioo anakoitaka. Mimi nikatazama kioo, nikatazama kichwa, kulia kukawa kushoto, nikachora njia. Akaguna, "Siyo huku." Kwa hofu nikachora na upande wa pili. Bwana yule akaondoka na barabara mbili kichwani, na mimi nikalala nikijua kesho nitarudi Nyakisasa kulima maharage. Kumbe! Wiki iliyofuata wakaja walimu wawili, wakakaa, wakasema wanataka "ile ya njia mbili, ya kisasa." Mzee Shabani alicheka mpaka kahawa ikampalia. Tangu siku hiyo najua kwamba kosa likikaa juu ya kichwa cha mkubwa huitwa mtindo.

Mimi mwenyewe pia nilikuwa natazamwa. Barazani nilikuwa navaa kofia ya Mzee Shabani kujikinga na nywele zinazoruka, kwa hiyo wateja wakaniita Alhaji, mimi niliyebatizwa misheni. Nikirudi kwetu Nyakisasa wananiita Mswahili kwa sababu natembea na viatu siku za kazi. Na njiani, kwenye vizuizi, askari akiona urefu huu na pua hii ananiuliza nimevuka lini kutoka Burundi. Safari moja tu, nimeshakuwa watu watatu. Mwanzoni nilikuwa nabishana na kila mmoja. Baadaye nikachoka, nikawa naitika tu. Msidhani niliona raha. Kuitika jina ambalo si lako kunaumiza hata kama unacheka, na wengi waliokaa kwenye kiti changu, hasa wale ambao wazazi wao kweli walivuka mpaka wakikimbia, waliniambia hivyo kwa sauti ya chini wakati nikiwa nyuma yao. Mtu humwambia kinyozi mambo kwa sababu hawatazamani usoni.

Wakati wa vijiji vya ujamaa Mzee Shabani alikuwa ameshafariki, akaniachia wembe wake, nami nikarudi nyumbani. Watu tulipangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, ukoo huu umechanganyika na ule, na wote wakahitaji kunyolewa. Siku za gulio nilikwenda Murukulazo kwa baiskeli, kiti nimekifunga nyuma.

Vita vilipoanza tuliitwa vinyozi wote Ngara mjini kunyoa vijana wa mgambo kabla hawajapanda malori. Kipara, wote. Hakuna maji ya vuguvugu, hakuna mambo ya kuziacha nywele zichoke. Walikuja na vichwa vya kila namna, afro, denge, njia, wakatoka wote sawa. Niliwaona ndugu wawili, tumbo moja, wanapishana uani kila mmoja anamtafuta mwenzake. Tulicheka sote. Mmoja wa niliowanyoa siku hiyo alikuwa kijana wa Murukulazo, Bonifasi, mtoto pekee wa mama mjane. Namkumbuka kwa sababu hakutulia kitini. Alikuwa anageuka kila mara kuwatania wenzake, nikamwambia atakufa kwa wembe kabla hajafika vitani.

Baada ya miezi, mwenzake mmoja alirudi akasema Bonifasi amekufa. Lori lao liliungua, yeye alikuwa ndani. Hakuna mwili, hakuna hata kiatu. Mama alingoja. Msimu wa mahindi ukapita, akangoja tena. Mwisho ukoo ukamwambia inatosha, ukafanya kama desturi yao inavyotaka kwa mtu aliyepotea: wakakata mgomba, wakauvika shuka, wakauzika nyuma ya nyumba kwa jina lake. Na siku ya kuanua tanga ukoo mzima ukanyoa.

Nyembe za dukani zilikuwa zimeadimika kama chumvi. Zile kuukuu tulikuwa tunazinoa kwa kuzisugua ndani ya bilauri mpaka zinapata makali ya kudanganyia. Ndiyo maana waliniita mimi na wembe wangu wa kukunja. Kwa ukoo ule, kunyoa kwa msiba kuna utaratibu wake. Mkono wa kwanza lazima uwe wa damu. Mzazi hupitisha wembe mara moja juu ya paji, ndipo kinyozi anamalizia. Kinyozi akianza yeye, wanasema nywele zimekatwa lakini msiba bado uko kichwani. Kwa hiyo mama alipitisha mstari mmoja kwa kila mtu, mimi nikamalizia, hadi watoto. Hakulia siku hiyo. Aliniambia ameshalia yote.

Sasa sikilizeni. Nywele za ukoo ule zilikuwa zimeanza kuota tena, urefu wa punje ya mchele, siku nilipokuwa gulioni Murukulazo namnyoa mzee mmoja. Nikasikia kelele upande wa viazi. Wanawake wanakimbia, mmoja ameacha hata mtoto wake. Akatokea mtu mwembamba, mwenye koti kubwa, anachechemea. Nywele zimemfunika masikio, ndevu zimesokotana, na taya upande mmoja limeingia ndani. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, fundi," akasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. "Ni mimi Bonifasi. Wananikimbia. Ninyoe, fundi, ninyoe wanione."

Nilimtazama sana, vijana. Nimeishi kwa kutambua vichwa, na nawaambieni ukweli, sikuwa na hakika. Yule niliyemnyoa Ngara alikuwa na mashavu na utani. Huyu alikuwa na macho tu. Hata hivyo nikamwinua mzee wangu kitini akiwa amenyolewa nusu, nikachukua maji. Bibi mmoja muuza vyungu akapiga kelele kutoka mbali:

"Wewe fundi, usimguse! Huyo amezikwa. Kichwa hicho kina wenyewe."

Alikuwa na haki. Nikafunga vyombo vyangu, nikamwambia yule mtu twende kwenu. Yule mzee aliyenyolewa nusu akatufuata akilalamika mpaka mbele ya nyumba.

Njiani yule mtu alinieleza kidogo. Aliruka kwenye lori likiwaka, akaokotwa na kikosi kingine, akalazwa hospitali huku taya limefungwa, hawezi kusema jina lake. Alipoweza kusema, hakuna pale aliyemjua wa kulithibitisha. Wakamwandika walivyomsikia. Akatoka, akatembea, akapanda malori.

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Gervasi, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Bonifasi. Alitusimamisha kwenye migomba, kabla ya ua, na wanamgambo wawili walikuwa naye. Akamwuliza maswali. Jina la babu. Jina la ng'ombe aliyekufa mwaka wa ukame. Nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Yule mtu akajibu yote, tena la mwisho akalijibu, "Wewe, baba mkubwa, na ulinisukuma nikaingia mtoni."

Watu wakaguna. Lakini balozi akatikisa kichwa. "Siku hizi kuna watu wanafundishwa majina na habari za watu, wanatumwa. Mpaka uko hapo. Mimi nimemzika kijana huyu mbele ya watu. Kama ni yeye, mama yake aseme."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayetoka shambani. Alimtazama kwa mbali. Akasema kwa Kihangaza, na mimi nawaandikia kwa Kiswahili ingawa hakifikishi uchungu wake:

"Mwanangu nilimlilia nikamaliza. Nilizika mgomba kwa sababu hamkuniletea hata kifungo cha shati lake. Nilianza kulala juzi tu. Sasa mnaniletea huyu. Nikimpokea, halafu kesho mkasema siye, nitalia kwa machozi gani?"

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Ni rahisi kukasirika kwa jambo lisilo lako.

Balozi akatoa neno lake. Ukoo mzima umenyoa kwa ajili ya kifo cha Bonifasi, kwa hiyo huyu hawezi kuingia ndani na nywele hizo. Anyolewe kama wengine, na mkono wa mama uanze. Mama akikataa, basi si mtu wa nyumba ile, na wanamgambo watampeleka Ngara ajieleze huko kabla jua halijazama. Yule mtu akakaa chini hapo hapo, mguu mbovu ameunyoosha. Akaniambia polepole, "Fundi, nikichukuliwa hapa, huko watakaponipeleka wataniandika jina lingine tena. Labda wana haki. Labda yule mwingine kweli aliungua."

Maneno hayo yaliniogopesha kuliko maswali yote ya balozi. Mtu akiambiwa na kila mtu kwamba yeye siye, hufika siku akaanza kuwasadiki.

Nikafanya kazi yangu, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Nikaomba maji ya moto jikoni, mtoto akaniletea. Nilikuwa na kipande kimoja cha sabuni nilichokuwa nakificha, vita vilikuwa vimekula sabuni yote. Nikakitumia chote. Nikamlowesha, nikampaka povu kichwa kizima, nikaziacha nywele zichoke. Nikanoa wembe kwenye mkanda. Kwa sisi vinyozi wembe hatumpi mtu mkononi, huleta ugomvi. Unauweka chini, anayeutaka anauokota mwenyewe. Nikaufungua, nikauweka juu ya jani la mgomba, hatua chache mbele ya mama, nikarudi nyuma.

Hakuuokota. Tulingoja. Kuku walipita. Mwanamgambo mmoja akaanza kujikuna na kutazama njia. Povu likaanza kuyeyuka, likateremka kwenye paji, likaingia katika jicho la yule mtu. Alikuwa ameweka mikono yake juu ya magoti, hakuiondoa. Nadhani aliogopa kwamba akitikisika watasema jambo. Alifumba lile jicho tu, machozi ya sabuni yakawa yanatoka.

Mama akasonya. Akaja upesi upesi, akakunja pembe ya kanga, akamfuta lile jicho kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mchafu. Alipokwisha kumfuta ndipo akashtuka, mkono ukabaki hewani. Alikuwa amemgusa. Akautazama mkono wake, akamtazama yeye kwa karibu, akatutazama sisi kama tuliomfanyia hila. Halafu akainama akaokota wembe.

Vijana, sijapata kuona unyoaji mbaya kama ule. Aliushika wembe kama kisu cha kumenyea ndizi. Desturi ilimtaka apitishe mstari mmoja tu, mimi nimalizie, lakini nilipotaka kusogea alinitazama kwa jicho ambalo hata Mzee Shabani asingelibishia. Akaendelea mwenyewe. Alikuwa anakwenda kinyume cha nywele, anaruka sehemu, anarudia pale pale. Nilikuwa naumia mimi. Alipofika nyuma ya sikio akamkata kweli, na yule mtu akaruka.

"Mama, unaniumiza!"

Mama akampiga kofi la shingo. "Tulia! Tangu udogo wako hutulii!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Gervasi aligeukia migomba, akakaa hivyo, mabega yakimcheza. Mama naye akasikia alichokisema. Wembe ukamwanguka. Akashika kichwa kile chenye povu na damu kwa mikono miwili, na machozi aliyokuwa ametuambia yamekwisha yakaja, mengi, akayaacha.

Huwa nasikia nyinyi mkisema mtu ni vile anavyojiona mwenyewe, wengine wasikubabaishe. Ni maneno mazuri, na kwa mtu ambaye watu wake wanamtambua yanatosha. Mimi nilimwona mtu anayejijua vizuri, jina, babu, ng'ombe na mto, na bado alikuwa anapotea mbele ya macho yetu kwa kukosa mtu mmoja wa kumwambia ndiyo. Kwa hiyo mtu akikaa kitini kwako, zima muziki kidogo, mtazame.

Mzee Gervasi aliporudi kutoka migombani uso wake ulikuwa umelowa, lakini ubalozi ni kazi, na wanamgambo walikuwa wanangoja. Akasimama wima. "Shemeji," akasema, "sema watu wasikie. Huyu ni nani?"

Mama hakumtazama. "Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Sote tukamgeukia. Alikuwa amelitaja jina lake tangu asubuhi, kwa wauza viazi, kwangu, kwa baba yake mkubwa, na hakuna aliyelipokea. Sasa watu wote walikuwa wanamngoja alitaje. Akafungua mdomo, kikatoka kilio. Akajaribu tena, kilio tena. Mama akakivuta kile kichwa chenye mikwaruzo, akakilaza begani kwake, akamsemea.

"Ni Bonifasi. Mpeni maji anywe."